Kakao Isiyo na Moshi

Lucie aligundua siku ya zile sambaza, dagaa wa ziwani. Alikuwa amezinunua jana yake kwa wanawake wa ufukoni, akazikaanga, akabakiza kidogo ndani ya bakuli, na joto likaziharibu. Aliporudi kutoka misa alizisogeza pembeni ya meza ili akazitupe, kisha akaingia chumbani kuvua kitenge cha kanisani. Alipotoka, mume wake Télesphore alikuwa amezimaliza. Alikuwa anapangusa mafuta vidoleni, ametulia kama mtu aliyekula akashiba. Akamshukuru. Akasema zilikuwa nzuri.

Uvundo wa bakuli lile ulikuwa umejaa nyumba nzima. Binti yao Aurore, aliyekuwa anapiga pasi sare yake ya shule, alikuwa amejiziba pua kwa ukosi wa blauzi.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Lakini Télesphore alikuwa mwonjaji wa kakao. Kwenye depo moja ya wanunuzi wa kakao kule Ibanda, mjini Bukavu, wakulima waliposhusha magunia yao kutoka Bunyakiri, yeye ndiye aliyechota kiganja kimoja, akakiponda, akakinusa, akatia punje mdomoni na kuzitafuna akiwa amefumba macho. Halafu alisema ndiyo au hapana, na hakuna aliyebishana naye. Pale Kadutu walipoishi watu walimwita Papa Pua. Angeweza kusimama mlangoni akakuambia mafuta ya mawese yaliyo jikoni ni ya msimu gani, au ni jirani yupi leo anapika kasiksi, pombe ya ndizi.

Lucie hakuuliza mbele ya mtoto. Alingoja Aurore aende kwenye mazoezi ya kwaya. Kisha akachukua chupa ya petroli ya taa, akalowesha kitambaa, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mume wake. Télesphore aliendelea kusikiliza redio. Lucie akasogeza kitambaa mpaka karibu na shavu lake. Ndipo alipokiona, kwa macho, akageuka, na mara moja akajua amekamatwa.

"Tangu wakati gani?" Lucie aliuliza.

"Tangu ile homa."

"Na ku kazi unafanya aje?"

"Minaangalia na macho."

Akamweleza. Alikuwa amekwenda hospitali kwa siri, na daktari alimwambia harufu inaweza kurudi, inaweza isirudi, hakuna dawa ila kungoja. Basi alikuwa anangoja. Kazini alipasua punje kwa kisu na kutazama rangi ya ndani. Ukungu unaonekana kwa macho. Kakao isiyochachuka vizuri nayo inaonekana, inabaki ya zambarau. Kitu kisichoonekana ni moshi. Mkulima mwenye haraka akikausha kakao yake juu ya moto badala ya jua, moshi unaingia ndani ya punje na kukaa humo, na chokoleti itakayotoka itakuwa na ladha ya nyumba iliyoungua. Mzungu wa ng'ambo akiupata katika gunia moja, anarudisha mzigo mzima.

Lucie akamuuliza basi moshi anaujuaje. Télesphore akasema kwamba kila anapokuwa na shaka, anakataa. Mwenye kukataa hajawahi kulaumiwa na depo.

Hapo Lucie alipaswa kuuliza swali jingine, nalo lilimfika mpaka kwenye ulimi: wale uliowakataa ni akina nani? Hakuliuliza. Aliwaza nyumba yake. Aurore alikuwa darasa la mwisho, minerval, ada yake ya shule, haikuwa imekamilika, na mshahara wa pua ile ndio uliokuwa unalisha kila kitu. Akachukua lile bakuli akaenda kuliosha uani.

*

Labda mambo yangeendelea hivyo kimyakimya, lakini mji ukapata maonyesho ya kakao na chokoleti, na watu wote wakayaita foire, kama wanavyoita kila kitu chenye mahema na mikrofoni. Yangefanyika Ibanda, katika ukumbi mkubwa unaotazama ziwa. Wakulima, vyama vya akina mama, wenye viwanda vidogo vya chokoleti, wanunuzi kutoka Goma na Kigali, wote walialikwa. Kungekuwa na shindano la kakao bora ya mkoa, na jopo la waonjaji lingekaa jukwaani mbele ya watu. Madame Valérie, mkubwa wa depo, hakumuuliza Télesphore kama anataka. Siku moja alipofika kazini alikuta picha yake imeshachapwa kwenye bango la mlangoni, amefumba macho, punje ya kakao chini ya pua.

Alilala na wazo hilo, na asubuhi akamwambia mke wake njia aliyoiona. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akirudi nyumbani na kakao kidogo mfukoni, wanaikaanga jikoni, wanaitafuna pamoja, anamfundisha hii ina uchungu wa namna gani, ile ina tunda gani ndani yake. Mdomo wa Lucie ulikuwa umeshasoma shule hiyo. Basi atangulie yeye kwenye foire, apite meza kwa meza, aonje, aangalie na umbo la punje. Jopo litaletewa kakao hizohizo bila majina. Télesphore atazitambua kwa macho, na atasema yale ambayo mke wake amemwambia.

"Ni siku moja tu, mama Aurore," alisema. "Kisha nitaona namna ya kuomba kazi ingine pale ndani."

Lucie alikubali. Na kusema kweli, kulikuwa na pembe ndogo ya moyo wake iliyofurahi kwamba mdomo wake nao ungesikika siku moja, hata kama ungesikika kwa sauti ya mtu mwingine.

*

Mlangoni alisimamishwa. Msichana mwenye beji shingoni alimtazama kuanzia kilemba mpaka ndala, akamwambia kwa adabu kabisa, "Maman, ba service banapitiaka nyuma." Lucie akasema hakuja kufanya usafi, amekuja kutazama. Msichana akaomba mwaliko. Lucie hakuwa na mwaliko, na jina la mume wake hakutaka kulitaja, kwa sababu mpango wao ulitaka asijulikane. Akaambiwa asimame pembeni kwanza. Gari likashusha mama mmoja mwenye miwani, akapita bila kuulizwa, kisha wanaume wawili wenye makoti, nao wakapita. Jua lilipoanza kuchoma, yule msichana akachoka kumwona pale, akampa ishara aingie.

Ndani kulikuwa kuzuri. Meza zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, na chokoleti zimepangwa juu yake kama sabuni dukani, nyingine zimefungwa karatasi yenye picha ya ziwa, nyingine picha ya sokwe. Kwenye meza moja mashine ilikuwa inamwaga chokoleti laini kama uji, na watoto wa shule fulani ya masista walikuwa wamepanga mstari na sare zao, kila mmoja na kijiti chake. Waliokuwa wanagawa vionjo walikuwa na macho ya kupima watu. Mwenye koti alipewa kipande, Lucie akapewa vumbi la kipande. Hakujali. Vumbi lilitosha. Alionja, akameza mate, akaangalia punje zilizowekwa kwenye sahani, akazitia kichwani: hii nene na nyekundu, uchungu wake unakatika haraka, ile bapa, imekaa sana kwenye sanduku la kuchachushia, ina siki.

Alizunguka hivyo mpaka akafika kwenye kona ya mwisho, karibu na mlango wa vyoo. Pale hapakuwa na kitambaa cheupe wala bango. Palikuwa na meza ya shule iliyotandikwa kitenge, gunia moja limesimama chini, sahani ya kakao iliyokaangwa, na mwanamke mpana wa mabega aliyekaa amenyooka kama anangoja kuitwa mahakamani. Alikuwa anaitwa Cibalonza, ametoka Bunyakiri. Alichota kiganja kizima akamwekea Lucie mkononi bila kupima.

Lucie alitafuna, akaacha kutafuna, akaanza tena polepole. Kwanza ulikuja ukali mdogo kama wa tunda la marakuja lililoiva, kisha uchungu mtulivu, kisha utamu uliokaa mdomoni na kukataa kuondoka. Ilikuwa kakao bora kuliko zote alizoonja siku hiyo. Akamwambia hivyo.

Cibalonza hakutabasamu. "Banasema iko na moshi," alisema.

"Nani anasema?"

"Ule papa wa depo. Ule wa ku bango."

Akamsimulia, wala hakusimulia kwa hasira. Alisimulia kama mtu ambaye ameshalirudia jambo mpaka limepoteza makali. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama cha akina mama wanaolima kakao kwao. Wenzake walimkabidhi magunia yao, akapanda nayo lori mpaka Bukavu. Yule papa akaponda, akanusa, akasema moshi, akakataa yote. Mfanyabiashara aliyekuwa anazurura pale getini aliyanunua kwa bei ya kutupa, na hilo Cibalonza angeweza kulimeza, kwa sababu bei mbaya mkulima anaijua. Ila aliporudi kijijini, wale wanawake walimuuliza moshi umetoka wapi. Wakasema amekausha kwa moto ili awahi soko, amewachafulia jina. Wakamtoa kwenye ukubwa wa chama. Kanisani walikuwa wanasogea mbali akikaa. Hata mume wake siku moja alimuuliza, taratibu, wakiwa shambani, kama kweli hakuweka moto.

"Mimi sijaweka kakao ku moto," alisema Cibalonza. "Niliianika ku jua, mvua ikija ninakimbia ninafunika, jua likirudi ninafunua. Gunia hii moja nilikatala kuuza. Njo hii, ile ile ya siku ile. Nilisema nitaileta fasi kuko batu benye kujua, banuse."

Lucie aliinama akafungua mdomo wa gunia, akaingiza uso wake ndani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Kulikuwa na harufu ya siki nyepesi, ya mbao, ya jua lenyewe. Moshi haukuwamo.

Alipoinua kichwa, yule mwanamke alikuwa anamtazama machoni, anangoja neno. Lucie alisema asante, mama, akaondoka. Hakumwambia yeye ni nani.

*

Télesphore alikuwa anamngoja nje, kwenye ukuta unaoshuka ziwani, amevaa koti la harusi ya mdogo wake. Jopo lilikuwa karibu kuitwa. Akamwambia aseme haraka.

Lucie alimweleza habari za mwanamke wa kona ya vyoo. Alimweleza bila kupandisha sauti, na mume wake alisikiliza akitazama maji. Alimkumbuka. Alizikumbuka hata punje zenyewe, kwa sababu zilikuwa nzuri sana machoni, kahawia sawasawa, zimepasuka vizuri ndani. Siku hiyo watu walikuwa wanachoma taka nyuma ya depo.

"Niliona moshi inje," alisema. "Nikawaza, labda iko ndani ya gunia pia. Ningejua na nini?"

"Ungemuita mutu mwingine anuse."

"Na mimi wangeniita nani kisha pale?"

Télesphore akapandisha sauti kidogo, akaishusha tena kwa sababu watu walikuwa wanapita. Akamuuliza anataka afanye nini. Asimame mbele ya mji mzima ajivue nguo? Na Aurore atamaliza shule na nini, na kodi ya nyumba italipwa na harufu ya nani? Lucie akasema hajui. Akasema hakumwambia aseme kitu chochote. Amemwambia tu alichokiona, kwa sababu asingeweza kukibeba peke yake mpaka Kadutu.

Ndani, mikrofoni ilikuwa inaita wajumbe wa jopo. Télesphore akajipangusa uso. "Basi niambie zile zingine. Ile nyekundu, iko aje?"

Lucie alizijua zote. Zilikuwa bado mdomoni mwake. Alimtazama mume wake, koti lake limebana mabegani, jasho juu ya mdomo, akamwonea huruma kuliko siku zote za ndoa yao.

"Sikuonja zingine," alisema.

Télesphore alijua ni uongo. Akageuka akaingia ukumbini.

*

Mwenyekiti wa jopo alikuwa bwana Grégoire, mwalimu wa kilimo, mtu mwema mwenye kupenda maneno marefu. Alieleza watu sheria za shindano. Kakao zimewekwa kwenye sahani zenye herufi, hakuna anayejua ni ya nani, na ndiyo maana ya haki. Kila mjumbe ataonja na kusema. Kwa heshima, akasema, tuanze na Papa Pua. Watu wakapiga makofi, na Madame Valérie, aliyekaa mstari wa mbele na gauni la kijani, akapiga makofi kuliko wote.

Lucie alisimama nyuma, kwa sababu viti vilikuwa vya wenye mwaliko. Alimwona mume wake anachukua punje ya kwanza, anaiponda, anaipeleka puani, anafumba macho. Akasema ni kakao ya mtu mvumilivu, ina nguvu, ina mwisho mzuri. Ilikuwa ile bapa yenye siki. Lucie akainamisha kichwa. Lakini jukwaani hakuna aliyeshtuka. Mjumbe wa pili akasema naye ameona nguvu hiyo. Wa tatu akasifu mwisho wake. Bwana Grégoire akasema, kweli, mtu mvumilivu.

Ya pili ikaja, ikawa vilevile. Hapo Lucie alielewa kwamba mume wake hakuwa amemhitaji hata kidogo. Angeweza kusema lolote. Angeweza kupita siku ile, na mwaka ule, na labda maisha yake yote, maana watu walikuwa wameshaamua kumwamini, na nani atabishana na pua ya Papa Pua? Jambo hilo lilimtisha kuliko aibu.

Sahani ya tatu ikawekwa. Télesphore aliichukua punje moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Hakuipeleka puani. Akaitazama muda mrefu mpaka bwana Grégoire akamsogezea mikrofoni karibu zaidi, akidhani hajaiona.

"Hii kakao ninaijua na macho," Télesphore alisema. "Iko ya mama mumoja wa Bunyakiri, jina lake Cibalonza. Nilimurudishia magunia yake pale ku depo, nikasema iko na moshi. Sikusikia moshi. Sikusikia kitu. Tangu niliugua homa, pua yangu haisikiye harufu tena. Hata zile mbili za kwanza nimebadanganya, sijui ziko aje. Sasa muombe mutu mwingine anuse hii, aseme kama kuko moshi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Madame Valérie aliinuka nusu, akakaa. Bwana Grégoire alikuwa amenyoosha mkono kuchukua mikrofoni, lakini akaurudisha, akachukua punje moja, akaitafuna kwa muda mrefu, bila maneno yake marefu.

"Hapana moshi," alisema. "Ni kakao safi sana."

Halafu akavua miwani, akasema kwa masikitiko kwamba sheria ni sheria: mwenye kakao ameshatajwa jina mbele ya jopo, kwa hiyo sahani hii haiwezi tena kushindana. Ikaondolewa. Télesphore akaombwa ashuke jukwaani.

*

Cibalonza aliwakuta mlangoni. Hakuwa amelia, na hakupiga kelele. Alimtazama Télesphore kwanza, kisha akamtazama Lucie, akaona walivyosimama karibu, akaelewa yule mteja wake wa asubuhi alikuwa nani. Kwa Lucie hakusema neno.

"Papa, ungekuja kuniambia pembeni," alimwambia Télesphore. "Jina umenirudishia. Zawadi umeninyima."

Télesphore akasema alitaka watu wote wasikie, kwa kuwa na lile neno la moshi walilisikia wote. Akasema hakujua habari ya sheria ile. Akaomba msamaha. Cibalonza alimwacha amalize, kisha akasema lori lake linaondoka, akaenda kubeba gunia lake. Télesphore alitaka kumsaidia. Cibalonza akalivuta gunia upande mwingine, akalitupa begani mwenyewe.

Waliporudi nyumbani mvua ilikuwa imeanza, na ngazi za udongo za kupandia Kadutu zilikuwa zinateleza. Walipanda wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu ujana, na ilikuwa ni kwa ajili ya utelezi tu. Katikati ya kilima Télesphore alisimama kupumzika. Akasema kitu kinachomsumbua zaidi si kakao. Ni nyumba. Akiingia ndani, anaona meza, anaona kitanda, anaona mtoto, vyote viko mahali pake, lakini ni kama picha ya nyumba iliyobandikwa ukutani. Anaiona, lakini haingii.

Lucie akaukaza mkono wake, wakaendelea kupanda.

*

Madame Valérie hakumfukuza. Kumfukuza mtu ambaye mji mzima unamzungumza kungeonekana vibaya, na tena kungefanya watu waulize depo ilikuwa wapi wakati wote huo. Alimpeleka getini kwenye mizani, akapime magunia, kwa mshahara wa watu wa getini. Picha yake ikatolewa mlangoni. Ndani akawekwa kijana aliyesomea kazi hiyo Kigali.

Wakulima waliokuwa wamekataliwa walipopata habari, baadhi walikuja mpaka Kadutu. Mmoja alisimama uani akatukana kwa lugha ya Mashi mpaka majirani wakatoka. Lucie alimletea kiti. Alikikalia akaendelea kutukana, kisha akanywa maji, akaondoka. Aurore alikuwa anasikia kila kitu kutoka ndani, na wiki nzima hakutaka kupita njia kuu akienda shuleni. Shuleni kwenyewe, Lucie alikaa kwenye benchi la mkurugenzi asubuhi mbili mfululizo kabla hajaitwa, na alipoitwa hakukaribishwa kiti. Alikubaliwa kulipa kidogokidogo. Alishukuru, akatoka, na barabarani akagundua kwamba alikuwa ameshukuru mara nyingi mno.

Télesphore hakuwa na pesa tena za kula kwenye vimgahawa vya karibu na depo, kwa hiyo mchana Lucie alimpelekea chakula. Mwanzoni aliona haya kupita na kapu lake katikati ya wale wanaume wa magari, waliokuwa wanamwita bibi ya Papa Pua, na sasa neno hilo lilikuwa na kicheko ndani yake. Baadaye alizoea. Alikaa juu ya tofali hadi mume wake amalize kula, akachukua sahani akaondoka.

Ilikuwa mojawapo ya siku hizo, Télesphore bado hajanawa mikono, lori la Bunyakiri lilipoingia getini. Cibalonza alishuka upande wa abiria. Nyuma, juu ya mzigo, walikuwa wamekaa wanawake wengine wawili, na magunia yao yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya rangi moja. Ina maana walikuwa wamemkabidhi tena, au angalau walikuwa wamekubali kusafiri naye. Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakaacha mazungumzo yao.

Télesphore alimsalimu. Cibalonza hakuitikia. Alisaidiana na dereva kushusha gunia la kwanza, akalisimamisha mbele ya mizani.

"Sijakusamehe, papa," alisema. "Pima."

Télesphore alipima. Akasogea kando ili aione vizuri sindano ya mizani, na Cibalonza akainama akaiangalia mpaka ilipotulia, akasoma kilo kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akajinyoosha, na macho yake yakamwona Lucie pale juu ya tofali, sahani mapajani.

"Na wewe," alisema. "Ulikula kakao yangu siku ile, haukusema uko nani."

Lucie aliinuka. Alitamani kusema habari za mpango wao, za minerval, za namna alivyomwambia mume wake ukweli pale ukutani. Aliona yote hayo ni maneno yake mwenyewe, hayamhusu huyu.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Ilikuwa na moshi?"

"Hapana."

Cibalonza aligeuka akawatazama wenzake wawili juu ya lori, kisha foleni ya wanaume, kisha akamrudia Lucie. "Sema kwa nguvu, basikie."

Lucie aliweka sahani chini. Akasema, kwa sauti aliyoitumia kumwita Aurore kutoka ng'ambo ya bonde, kwamba alionja kakao ya mama Cibalonza, na alitia uso wake mwenyewe ndani ya gunia lake, na haikuwa na moshi hata kidogo. Kijana wa ndani alitoka mlangoni kuona kuna nini. Juu ya lori, mmoja wa wale wanawake aliangalia chini.

Télesphore alikuwa ameshika gunia la pili. Alingoja mpaka mke wake alipomaliza, kisha akalipandisha kwenye mizani.